Sista na Kapteni: kisa cha darasa moja la Kijerumani pwani

Kisa hiki ni cha wanafunzi wawili waliokaa dawati moja wakisoma Kijerumani, mmoja anajua sarufi yote lakini hafungui mdomo, mwengine mdomo haufungi lakini kalamu inamshinda. Majina, mji na chochote cha kumtambulisha mtu nimekitoa au nimekigeuza. Mimi sikuwa mwalimu wao, kazi yangu ilikuwa kuitwa siku za mok, yaani mtihani wa majaribio, nikae upande wa msahihishaji, kwa hivyo mengine nimeyaona mwenyewe na mengine nimeelezwa na mwalimu wao na wao wenyewe, na wote wamekubali niandike.

Usuli

Kituo chenyewe kidogo, vyumba viwili juu ya duka, pwani ya kusini ya Kenya. Zamani huku Kijerumani kilikuwa cha hoteli, mtu anasoma apate kazi ya risepsheni au kuongoza watalii. Siku hizi watu wanataka kwenda Ujerumani kwenyewe, na wengi ni manesi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira kule Berlin, mtaani ikavuma ati nafasi ni laki mbili na nusu, serikali ya Ujerumani ikakanusha ikasema mkataba hauna idadi yoyote ndani yake, lakini nani aliisikia hiyo ya pili? Madarasa yakajaa.

Nesi anayetaka leseni kamili ya Ujerumani kwa kawaida anaambiwa alete B2. Ngazi hizi za kupima lugha, A1 ya chini kabisa mpaka C2 ya juu, zilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 na ndo kipimo karibu kila kituo kinatumia. Mtihani wa B2 wa Goethe, taasisi ya Ujerumani ya lugha, una moduli nne: kusoma dakika 65, kusikiliza 40, kuandika 75, kuongea kama 15. Kila moduli ina pointi 100, ukipata 60 umepita, na uliyofeli unarudia hiyo peke yake.

Hii ya kuongea ndo imezaa kisa. Kwa kawaida mnaingia wawili, mbele yenu wasahihishaji wawili. Kwanza kila mmoja anazungumzia mada aliyochagua kwa kama dakika nne na mwenzake anamuuliza maswali. Halafu mnapewa suala moja mlijadili nyinyi kwa nyinyi dakika kama tano, unatoa maoni yako na sababu, unamjibu mwenzio, unapinga pale unapoona sivyo. Na hapo wasahihishaji hawaangalii matamshi na sarufi tu, wanaangalia pia kama kweli mnajibizana.

Sasa wenyewe. Sista ni mama wa miaka arubaini na kitu, ana diploma ya uuguzi, amefanya kazi wodi ya watu wazima miaka mingi, mtaani kwao ukipandwa na presha usiku ni mlango wake unaogongwa. Kijerumani alianza sifuri. Barua zake mwalimu alikuwa anawasomea darasa zima, artikeli (vile vineno der, die, das vya mbele ya nomino) ziko sawa, kitenzi kiko mwisho wa sentensi pale kinapotakiwa.

Kapteni hajafika thelathini. Alikuwa akipeleka wageni kwa boti ya kioo kuangalia samaki, Kijerumani alikiokotea mchangani tangu mvulana. Anaongea mbio, utani anaujua, na anachomekea "nix" na "gell" kama mtu wa kusini ya Ujerumani manake wageni wake wengi walitokea huko. Kila mtu kwake ni *du*, ile "wewe" ya marafiki, awe mzee wa miaka themanini, awe daktari, awe polisi. Artikeli Kijerumani kina tatu, yeye ana moja na hiyo moja mpaka akumbuke. Alitaka yale mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu ambayo unasoma huku unalipwa, na mwajiri aliyetafutiwa na ajenti alikuwa anasisitiza B2.

Mambo yalivyoanza

Kapteni alivyokuja kujiandikisha alipimwa kwa mahojiano tu. Meneja akapiga naye stori robo saa akamtia darasa la B2 moja kwa moja. Ukiuliza kwa nini, sababu zilikuwa mbili na hakuna aliyezificha, darasa la B1 lilikuwa limejaa na la B2 lina viti, halafu kijana alikuwa anaongea kuwashinda wote waliokuwa ndani. Hakupewa hata karatasi aandike mistari mitano. Mwalimu alinung'unika akaambiwa ah, grama ataiokota njiani.

Mtihani wa kwanza wakaenda wote. Sista akapata kusoma 84, kusikiliza 77, kuandika 88, kuongea 54. Kapteni kuongea 79, kusikiliza 81, kusoma 61 ya kubanabana, kuandika 41. Yaani ukiwaunganisha unapata mtu mmoja aliyefaulu vizuri sana.

Sista alilia, na hakulia kwa sababu ya kufeli peke yake, ni kwa sababu hakuelewa amefeli wapi. Alisema hotuba yake aliitoa yote bila kukosea, na kwenye mjadala "tulielewana vizuri na yule baba". Yule baba alikuwa mtahiniwa mwenzake, mtu mzima kumshinda, sauti nzito, mgeni kwake kabisa. Kumbe aliongea yeye karibu muda wote, Sista akawa anaitikia.

Uamuzi wa kwanza: ongeza maneno

Mwalimu alifanya ambacho walimu wengi wangefanya. Alimpa orodha ya misemo ya kupinga na ya kuingilia, zile za "mimi naona tofauti kidogo", "naomba nikukatize hapo", "hilo nakubali ila", kwa Kijerumani, karibu kurasa mbili. Hoja yake ilieleweka, kama mtu hasemi kitu labda hana cha kukisemea. Sista akazikariri zote kwa wiki moja, ukimuuliza anakutolea kama sala.

Tukafanya mok, mimi nimekaa na fomu yangu. Mada ilikuwa vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja, vipigwe marufuku au visipigwe. Mada nzuri kwetu manake Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na kila mtu ana la kusema. Mwenzake alikuwa mwalimu mstaafu kutoka darasa lile lile, yeye upande wake ulikuwa kwamba marufuku hazisaidii. Akaongea. Sista akawa anatikisa kichwa, "ja, genau", "ja, stimmt", yaani ndiyo kabisa, ndiyo ni kweli, na katika dakika tano nilihesabu zamu zake tatu, ya mwisho muda ulikatika kabla hajafika kwenye hoja. Msemo hata mmoja wa ile orodha hakuutumia.

Tulipotoka akanishika kwenye ngazi, na palepale kwa Kiswahili akanishushia kila kitu ambacho hakukubaliana nacho: mitaro ilivyokuwa inaziba kabla ya 2017, wauza maji ya matunda sasa wanatumia nini, kwamba yule mzee amesema marufuku hazisaidii na hali sokoni ni tofauti kabisa. Hoja sita saba, zimepangika, na nyingi ana maneno yake ya Kijerumani manake nilimuuliza mojamoja akayatoa. Nikamuuliza, sasa mbona ndani hukusema? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Mtu mzima yule, anaongea, nimkate vipi?"

Uamuzi wa pili: simu mezani

Hapo mwalimu akaacha mambo ya orodha. Akawapanga Sista na Kapteni wawe wanajadiliana mara mbili kwa wiki, na simu imesimamishwa mezani inarekodi. Alifikiri hivi: Kapteni haogopi mtu, atamchokoza, na Sista naye atamrekebisha sarufi. Halafu wanaangalia video pamoja.

Video ilionyesha kitu ambacho mimi kwenye mok sikukipata vizuri. Sista hakuwa kimya. Alikuwa anapinga, ila kwa njia ya kwetu. Anaanza kumsifu mwenzake kwa alilosema, anasema hata yeye ameshawahi kufikiri hivyo, anatoa mfano wa jirani fulani, na mfano huo ukiusikiliza vizuri ndo unavunja hoja ya mwenzake, halafu "lakini" inakuja mwisho, tena ndogo. Barazani kwetu kila mtu angeelewa kwamba mama amekataa, na wangemheshimu kwa alivyokataa. Msahihishaji wa Kijerumani ana dakika tano na fomu. Amesikia "ja, genau" mara nne na stori ya jirani, ameandika anakubaliana na kila kitu na anatoka nje ya mada.

Video peke yake haikumbadilisha. Alijiona, akacheka, akasema ni kweli, mara ya pili akafanya vilevile. Kapteni akawa anamwambia "Mama, we nikate tu, mimi sikasiriki", naye anamjibu "najua mwanangu, ulimi ndo hautaki."

Uamuzi wa tatu: kutafuta pale anapokatiza tayari

Siku moja mwalimu akamuuliza swali nje ya Kijerumani kabisa. Wodini, mwanafunzi wa uuguzi akikosea dripu mbele yako, unamsubiri amalize? Sista akasema, namaliza vipi kusubiri, namshika mkono hapohapo. Na daktari kijana akiandika dozi ambayo si sawa? Namwambia daktari samahani, angalia tena hapa. Hata kama anaongea? Hata kama anaongea, mgonjwa ndo atakayeumia.

Hiyo ndo ikawa njia. Mwalimu akatunga majadiliano ambayo Sista ndo mkubwa na mwenzake ni mwanafunzi wake wa wodini, Kapteni akaigiza nesi mgeni anayesema upuuzi kuhusu kuosha mikono na mgonjwa wa sukari. Ungemwona! Alimkata kila sentensi ya pili, kwa Kijerumani, na sauti ya wodi. Baada ya hapo wakawa wanapandisha taratibu: mwenzake wa cheo sawa, halafu mwanamume wa umri wake, halafu yule mwalimu mstaafu, mwisho mtu asiyemjua kabisa aliyeletwa kutoka kituo kingine. Mada nazo zikawa zinatoka hospitalini kuelekea mambo ya kawaida, kazi za nyumbani, simu za watoto, usafiri wa mjini.

Akifika kwa mstaafu akakwama tena. Hapo mwalimu akamwambia kitu ambacho mimi naona kilifanya kazi kuliko yote. Akamwambia, mwenzio naye anasahihishwa kama anajua kujibu pingamizi, sasa wewe ukiwa unaitikia tu yeye atajibu nini? Unamnyima pointi. Sista alinyamaza kidogo akasema, "kumbe namharibia?" Kuanzia wiki hiyo akaanza kumpinga mzee wa watu mpaka mzee mwenyewe akawa anakuja amejiandaa.

Na Kapteni je

Yeye alipewa zoezi la kurekodi sauti kwenye simu, dakika moja kuhusu siku yake, aiandike neno kwa neno halafu arekebishe kitu kimoja tu, wiki hii artikeli, wiki ijayo pale kitenzi kinapokaa. Lilikuwa zoezi zuri kwa sababu linaanzia kwenye uwezo alionao. Kwa barua za kiofisi, manake kuandika B2 kuna kazi mbili, maoni ya kama maneno 150 na ujumbe wa adabu wa kama maneno 100 kwa mtu kama bosi, alihitaji kujifunza *Sie*, ile "wewe" ya heshima, kutoka mwanzo. Rasimu yake ya kwanza ya kumwomba bosi ruhusa ilianza kama anamwita mshikaji aliyeshuka kwenye basi la hoteli.

Tatizo muda. Mwalimu alikuwa na darasa zima, na vile vikao viwili vya wiki vilikuwa vya kumfungua Sista mdomo. Ile ahadi kwamba Sista atamrekebisha sarufi ilikufa mapema, alikuwa anaona haya kumsahihisha kijana mbele ya simu, na akimsahihisha Kapteni anageuza utani. Ilipofika Disemba wageni wakajaa, boti ikamwita, vipindi vya jioni akawa anakuja kimoja anaruka viwili.

Matokeo

Sista alirudia kuongea peke yake, akapata 73. Safari hii alipangwa na msichana mdogo aliyeogopa zaidi yake, na mwenyewe anasema alimpinga makusudi ili yule mtoto apate cha kusema. Yuko Ujerumani sasa, hospitali ya mji mdogo.

Ujumbe wake wa baadaye kwa mwalimu una mambo mawili nayataja manake yanahusu. Wodini wakati wa kukabidhiana zamu anaongea bila shida, akiona kitu hakiko sawa anasema, hata kwa mkubwa wake. Chumba cha kahawa, wenzake wakibishana kuhusu likizo au siasa, bado ananyamaza na kutabasamu, na amejua wanamwona hana maoni. Jengine lililomshtua halikuwa lugha, kule kumuogesha na kumlisha mgonjwa ni kazi ya nesi, nyumbani alizoea ndugu wa mgonjwa ndo wanafanya, na hakuna somo la B2 lililomwandaa kuzungumza na mzee wa watu huku anamvua nguo.

Kapteni alirudia kuandika, 56. Pointi nne.

Uchambuzi

Mwaka 1983 Jenny Thomas, mtafiti wa isimu wa Uingereza, aligawa makosa ya mawasiliano kati ya tamaduni mafungu mawili. Kuna pale mtu anapokosa namna ya kulisema jambo kwenye lugha ile, na kuna pale anapokijua cha kusema ila kipimo chake cha lipi linafaa, kwa nani, wakati gani, ni tofauti. La kwanza unalifundisha kama msamiati. La pili Thomas mwenyewe alionya kwamba ni gumu kulirekebisha, manake unagusa imani ya mtu na si ujuzi wake tu. Orodha ya misemo ilikuwa dawa ya fungu la kwanza akapewa mgonjwa wa fungu la pili. Na siku ile ya mok pale kwenye ngazi Sista alikuwa ameshatuonyesha, hoja saba kwa pumzi moja, nani atasema huyo hana maneno?

Hatua ya tatu ilifaulu kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia Sista aache adabu yake. Nimeona walimu, hasa wageni lakini hata wetu, wanamwambia mwanafunzi "Wajerumani wako moja kwa moja, na wewe kuwa hivyo", kana kwamba ni shati atavaa. Mama wa arubaini hawezi kuamua kukosa heshima kwa sababu ya cheti, na akilazimishwa atafanya vibaya, atatoka mkali pale ilipotakiwa awe mkavu tu. Mwalimu alitafuta mahali ambapo kwa adabu ya Sista mwenyewe kukatiza ni wajibu, akaanzia hapo. Lile la kumnyima mwenzio pointi nalo ni la namna hiyohiyo, lilimpa sababu ya heshima ya kupinga.

Lakini chumba cha kahawa kinaonyesha mpaka wa njia hii. Pale penye mgonjwa au mwenzio wa kusaidia, mdomo unafunguka, pale ambapo ni kubishana kwa ajili ya kubishana tu hana sababu na hakuna aliyempa. Mimi sioni kama ni kushindwa, mtihani alipita na kazini yuko salama, ila mwalimu anayetaka mwanafunzi azoeane na watu kule na sio kupita mtihani tu itabidi aongeze ngazi nyengine juu ya hizi.

Kwa Kapteni mambo yaliharibika siku ya usajili. Larry Selinker mwaka 1972 alieleza jinsi makosa ya lugha ya pili yanavyoganda mtu akishaweza kujieleza na kueleweka, na Kapteni miaka yote alieleweka vizuri sana, wageni walimpenda, walirudi kumtafuta yeye, bakshishi ilikuwa inaingia na artikeli moja ile ile. Kugandua kitu kama hicho kunataka muda mrefu na kazi ya kuandika kutoka chini, hakuwezi kufanyika pembeni ya darasa la B2. Kipimo cha robo saa ya maneno kilipima kile kimoja alichokuwa nacho. Karatasi moja ingetosha kumwonyesha meneja, na nadhani meneja hakutaka kuonyeshwa, viti vilikuwa vitupu.

Halafu kuna hili la kuwapanga wawili. Kwenye karatasi lilikuwa la kusaidiana. Ukiangalia nani alipata nini, Kapteni aligeuka kifaa cha kumfundishia Sista, na ada alikuwa analipa sawa na yeye. Yeye mwenyewe hakulalamika, alikuwa anampenda yule mama na vikao vilikuwa vinachekesha. Ila kituo kilitakiwa kuliona. Ukitaka wawili wafundishane basi kila mmoja awe na saa yake ambayo yeye ndo mwanafunzi, na marekebisho yapitie mkono wa mwalimu, manake heshima ya umri huku kwetu hairuhusu mama kumsahihisha kijana akamsikiliza akiwa anacheka, wala kijana kumsahihisha mama kabisa.

Tangu hapo kituo kinampa kila anayejiandikisha kazi ya kuandika nusu saa kabla ya mahojiano. Mwalimu alimwendea meneja akidai Kapteni arudishiwe sehemu ya ada, meneja akakataa, wakavutana, mwisho akakubali asome B1 kwa nusu bei. Kapteni alisoma msimu wa mvua boti zikiwa zimepandishwa, akapita moduli zote nne za B1, kuandika 66. Yule mwajiri wa B2 alishachukua mtu mwengine, ajenti amempatia wa pili anayekubali B1 na mkataba umesainiwa, sasa hivi anasubiri miadi ya viza.